As-Suli, Bingwa wa Sataranji Katika Majlisi ya Makhalifa

Juzi baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimeketi barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kando yangu kijana mmoja wa jamaa zangu alikuwa akicheza sataranji kwa simu yake. Nikamwuliza acheza na nani. Akanijibu kuwa hamjui. Simu ndiyo imtafutiayo mtu, po pote alipo ulimwenguni. Lakini kabla ya kutafutiwa, yeye huipa simu mipaka: isimletee mtu aliyemzidi daraja, asije akashindwa na nambari yake ikashuka, wala isimletee aliye chini sana, maana kumshinda huyo hakumwongezei kitu. Nilicheka, kisha nikasikitika. Usiku ule nikamkumbuka mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nikaona niwasimulie khabari zake.

Mtu huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli. Asili ya ukoo wake ni Waturuki. Babu yao, jina lake Sul, alikuwa mtawala wa Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi, naye alisilimu zama za Bani Umayya. Kizazi chake kikaingia katika utumishi wa Bani Abbas huko Baghdad, wakatoka humo makatibu na washairi. As-Suli naye alikuwa mwanachuoni wa adabu na tarehe. Alikusanya diwani za washairi wakubwa, akaandika khabari za makhalifa aliowaona kwa macho yake, na nyumba yake ilijaa vitabu vilivyopangwa kwa rangi za majalada yao. Lakini jina lake halikuenea kwa vitabu hivyo. Lilienea kwa sataranji.

Mchezo huu ulitoka Bara Hindi, ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu, na sisi wa pwani tumelichukua jina lake kutoka kwao. Zama zile waziri, aliyeitwa firzan, hakuwa na nguvu alizo nazo leo. Alikwenda hatua moja tu kwa mshazari. Najua wako watakaouliza juu ya sheria. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wanazuoni wameuhesabu kuwa ni makruhu, na ukawa haramu pakiwapo kamari au mtu akiacha sala kwa ajili yake. Madhehebu mengine yana ukali zaidi. Mimi si mufti. Hapa nasimulia tarehe tu.

Khalifa al-Muktafi, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 902 hadi 908, alikuwa na mchezaji wake aliyempenda, jina lake al-Mawardi. Hakuna aliyedhani kuwa yuko wa kumshinda. Kisha khalifa akapewa sifa za as-Suli. Al-Mawardi alikuwa na heshima yake na nafasi yake mbele ya mfalme. Lau angesema kuwa hachezi na mtu asiyejulikana daraja yake, nani angemlaumu? Lakini wawili hao waliketishwa mbele ya khalifa. Al-Muktafi hakuficha upande alioupenda. Alimpa moyo al-Mawardi waziwazi, hata as-Suli akababaika hapo mwanzo. Kisha as-Suli akajikusanya, akamshinda mwenziwe ushindi usio na shaka. Hapo khalifa akageuka. Jina la al-Mawardi limetokana na maji ya waridi, marashi yale yale ya mawaridi tunyunyiziwayo kwenye maulidi na harusi, na khalifa akamfanyia mzaha mkali kwamba marashi yake yamegeuka kuwa uchafu. Tangu siku hiyo as-Suli akawa mtu wa majlisi.

Sasa nataka tulitazame jambo moja. Kabla ya as-Suli alikuwapo bingwa jina lake al-Adli, aliyeandika kitabu cha sataranji, naye akashindwa na ar-Razi mbele ya Khalifa al-Mutawakkil. As-Suli naye aliandika vitabu vyake, akamkosoa al-Adli. Katika elimu ya mabingwa hao twajua kuwa wachezaji walipangwa katika tabaka 5. Wa juu kabisa waliitwa aliya, nao walikuwa wachache mno katika kila zama. Chini yao walikuwa wale waliokaribia, kisha wengine, mpaka wa mwisho.

Basi je, wa tabaka ya juu alikatazwa kucheza na wa chini? La. Mwenye nguvu alipunguza kete zake kabla ya kuanza. Kwa mtu aliye karibu naye aliondoa kitunda kimoja tu. Kadiri mwenziwe alivyokuwa dhaifu ndivyo alivyoondoa kete kubwa zaidi, hadi kufikia ngome nzima. Hivyo mwalimu na mwanafunzi waliketi ubao mmoja, na wote wawili wakatoka jasho. Tabaka haikuwa ukuta. Ilikuwa kipimo cha kujua nani ampe nani nini.

Na as-Suli alikuwa mwalimu kweli. Mwanafunzi wake mashuhuri ni al-Lajlaj, maana yake mwenye kigugumizi, ambaye baadaye aliandika juu ya namna ya kuufungua mchezo. As-Suli alimsomesha pia mwana wa mfalme, aliyekuja kuwa Khalifa ar-Radhi mwaka 934. Inasimuliwa kuwa siku moja ar-Radhi alikuwa katika bustani nzuri, watu wakiisifu kwa maua yake, naye akawaambia kuwa kwake yeye mchezo wa as-Suli wapendeza kuliko bustani hiyo na yote waliyoyataja.

Lakini dunia haina dhamana. Ar-Radhi alifariki mwaka 940. Khalifa aliyemfuata, al-Muttaqi, hakutaka masahibu wa majlisi. Alisema Msahafu wamtosha. Riziki ya as-Suli ikakatika. Baadaye alisimulia khabari juu ya Sayyidna Ali iliyowaghadhibisha watu hata wakamtafuta wamwue. Akakimbilia Basra, akaishi kwa kujificha, na huko ndiko alikofia katika ufukara, yapata mwaka 946. Aliyewahi kukaa mbele ya makhalifa alikufa hana mbele wala nyuma.

Hata hivyo sifa zake hazikuzikwa naye. Zaidi ya miaka 300 baada yake, Ibn Khallikan aliandika kuwa watu wengi walidhani as-Suli ndiye aliyeubuni mchezo huu, naye ikambidi awasahihishe. Tena aliacha fumbo moja la kete 4 tu: wafalme wawili na mafirzan wawili. Alisema hapana aliyelifumbua ila yule aliyemfundisha yeye. Fumbo hilo likakaa zaidi ya miaka elfu moja, hata miaka ya 1980 bingwa wa Urusi, Yuri Averbakh, akalifumbua.

Daraja za nambari azitumiazo kijana wangu zilitokana na hesabu za Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia Marekani. Chama cha sataranji cha dunia kilizikubali mwaka 1970. Ni hesabu nzuri. Wawili wakitofautiana kwa 200, mwenye nguvu hutazamiwa kupata kama robo tatu ya pointi zote. Kwa hiyo dhaifu naye ana robo yake, na akimshinda aliyemzidi, nambari yake hupanda zaidi kuliko akimshinda mwenziwe wa kadiri yake. Sina ugomvi na simu kumtafutia mtu mwenziwe wa kadiri yake. Mchezo wa sawa kwa sawa una utamu wake. Lakini kufunga mlango ili nambari isiguswe ni jambo jingine. Nambari hupima mchezo. Ukiacha kucheza kwa ajili ya kuilinda, yapima nini?

Jana nilimsimulia kijana wangu haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia ataiondoa mipaka yake akisha kufika 1,800. Sikubishana naye. Nilileta ubao wangu wa zamani, nikamwambia mimi kwake ni wa tabaka ya mwisho, basi anipe ngome kama walivyopeana watu wa Baghdad. Akacheka, akaiondoa ngome yake. Tangu alipopata simu hiyo, yapata mwaka mzima, hatukuwa tumeketi pamoja.

Hatukumaliza. Adhana ya Magharibi ilipoanza tuliuacha ubao pale pale, kete zake zimesimama, naye kijana alikuwa na jasho kwenye paji la uso. Aliniomba nisiziguse kete, akirudi tuendelee.

Mwenyezi Mungu amrehemu as-Suli.