Alexander Fleming: Aliyegundua penisilini na kuonya juu ya usugu wa dawa

Daktari Alexander Fleming anakumbukwa kwa kugundua dawa iliyookoa maisha ya mamilioni ya watu, wakiwemo wagonjwa wa kaswende na kisonono. Lakini ni yeye pia aliyetahadharisha mapema kwamba dawa hiyo ikitumiwa ovyo, itapoteza nguvu. Historia ya kisonono inaonyesha kuwa hakukosea.

Alexander Fleming alikuwa nani?

Alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield karibu na mji mdogo wa Darvel, Scotland. Baba yake, mkulima, alifariki dunia Fleming akiwa na umri wa miaka saba. Alipofikia ujana alihamia London kwa kaka yake na kufanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli. Urithi alioachiwa na mjomba wake ndio uliomwezesha kusomea udaktari katika hospitali ya St Mary's, ambako alihitimu mwaka 1906 na kubaki akifanya utafiti.

Alihusika vipi na magonjwa ya zinaa?

Mwaka 1910 Mjerumani Paul Ehrlich alitoa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyotengenezwa kwa aseniki. Fleming alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza jijini London kuwachoma wagonjwa sindano hiyo kupitia mshipa. Ilisaidia, lakini ilikuwa na sumu na matibabu yake yalichukua muda mrefu.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumu Boulogne, Ufaransa. Huko alishuhudia askari wakifa kwa vidonda vilivyooza, huku dawa kali za kusafishia vidonda zikiua chembe za kinga za mwili kuliko bakteria wenyewe. Aliporudi London alianza kutafuta kitu kitakachowaua bakteria bila kumdhuru mgonjwa.

Penisilini ilipatikana vipi?

Septemba 1928, aliporejea kutoka likizo, Fleming aliona ukungu umeota kwenye sahani moja ya maabara aliyokuwa ameoteshea bakteria. Pembeni ya ukungu huo bakteria walikuwa wamekufa. Kimiminika kilichotoka kwenye ukungu huo alikiita penisilini, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake. Hata hivyo, hakufanikiwa kuisafisha na kuifanya dawa. Kazi hiyo ilikamilishwa na kundi la Howard Florey na Ernst Chain katika chuo kikuu cha Oxford, baada ya zaidi ya miaka kumi. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1945.

Wakati huo dawa za salfa zilizotibu kisonono tangu miaka ya 1930 zilikuwa tayari zimeanza kushindwa. Penisilini ikawa mkombozi: kisonono kilipona kwa siku chache, na kaswende nayo ikatibika.

Alionya nini?

Katika hotuba yake ya Nobel mjini Stockholm, Fleming alieleza kwamba ni rahisi kuwafanya bakteria kuwa sugu maabara kwa kuwapa penisilini kidogo isiyotosha kuwaua. Alihofia kuwa jambo hilo hilo lingetokea mwilini mwa mtu anayejinunulia dawa na kumeza dozi pungufu. Hatari zaidi ni kwamba mtu huyo angeweza kumwambukiza mwenzake bakteria ambao dawa haiwawezi tena.

Nini kilitokea baadaye?

Fleming alifariki dunia London Machi 11, 1955, akiwa na umri wa miaka 73, na kuzikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Kufikia wakati huo dozi za kisonono zilikuwa zikiongezwa. Katika miaka ya 1940 uniti laki chache zilitosha. Mapema miaka ya 1970, wagonjwa nchini Marekani walihitaji karibu uniti milioni tano. Mwaka 1976 waligunduliwa bakteria wa kisonono wenye uwezo wa kuivunja kabisa penisilini. Dawa zilizofuata nazo zikashindwa moja baada ya nyingine, na leo tegemeo kubwa ni sindano ya ceftriaxone. Mwaka 2018, Uingereza kwenyewe iliripoti mgonjwa ambaye kisonono chake kilishinda dawa hiyo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wazima milioni 82 waliambukizwa kisonono mwaka 2020. Kisipotibiwa kinaweza kusababisha ugumba, na mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa anaweza kupofuka. Kaswende, kwa upande wake, bado inatibika kwa penisilini.

Kwa hiyo onyo la Fleming linamhusu pia yule anayenunua vidonge viwili vitatu dukani kwa kuona haya kwenda kupimwa. Kupimwa, kumaliza dozi na kumpeleka mwenza kutibiwa ndiko kunakolinda dawa chache zilizobaki.