Angelo D'Agostino, Daktari wa Mayatima

Msomaji wa Pwani akitajiwa Eastlands ya Nairobi, mawazo yake huenda moja kwa moja Majengo ya Pumwani, waliko jamaa zetu tangu miaka ya 1920. Lakini Eastlands ni pana. Ukipita Pumwani utafika Kariobangi, kisha Dandora, na upande wa viwandani iko Mukuru. Hii ni mitaa ya watu wa kibarua, na mara nyingi aila nzima hulala chumba kimoja. Ukimwi ulipoenea huko katika miaka ya 1990, vyumba vingi vilibaki na bibi na wajukuu tu.

Mtu tunayemsimulia leo aliingia katika habari za mitaa hii akiwa mzee, tena mgeni. Alikuwa kasisi wa Kikatoliki na daktari. Asiwe wa dini yetu, habari yake ni ya yatima, na yatima twajua uzito wa haki yake tangu tulipokuwa chuoni.

Marehemu Angelo D'Agostino alizaliwa 26 Januari 1926 mjini Providence, Marekani. Alihitimu udaktari mwaka 1949 akawa mpasuaji, na akatumikia jeshi la anga la nchi yake. Mwaka 1955 aliingia katika shirika la Wajesuiti, na baadaye akasomea pia maradhi ya akili. Katika miaka ya 1980 alikuja Afrika Mashariki kushughulikia wakimbizi, akahamia Nairobi. Wengi walimwita Father Dag.

Wakati huo watoto wachanga walikuwa wakitupwa mahospitalini na mabarabarani. Akipimwa mtoto na kuonekana ana virusi, nyumba za mayatima zilimkataa. D'Agostino alikuwa mjumbe wa baraza la nyumba moja ya namna hiyo, akashindwa kuwageuza wenzake. Basi tarehe 8 Septemba 1992 akafungua nyumba yake mwenyewe, akaiita Nyumbani. Ilianza na watoto watatu.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawakulijua. Kipimo cha siku zile kilitafuta kinga za mwili, wala si virusi vyenyewe, na mtoto mchanga huzaliwa akiwa amebeba kinga za mama yake. Kinga hizo hutoweka polepole, hata kufikia miezi 18 hivi. Kwa hiyo wengi wa wachanga waliokataliwa kwa jina la Ukimwi hawakuwa nao kabisa. Walitupwa bure.

Waliokuwa nao kweli walikufa mmoja baada ya mwingine, na hapo daktari akagundua kwamba maradhi hayakuwa adui wake wa pekee. Dawa zilikuwapo duniani, lakini matibabu ya mtu mmoja kwa mwaka yaligharimu zaidi ya dola 10,000, maana sheria za hataza zilimlinda mtengenezaji. Mapema mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuuza dawa zile zile kwa dola 350 kwa mwaka. D'Agostino akatangaza hadharani kwamba ataagiza dawa za bei nafuu, sheria ipende isipende. Mzee wa miaka 75! Mashirika mengi ya Kenya nayo yalikuwa yakipiga kelele, na mwezi Juni mwaka huo Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua mlango wa kuingiza dawa kama hizo.

Ama kuhusu Eastlands, Nyumbani haikuweza kumlea kila mtoto, wala haikuwa hekima kumtoa mjukuu kwa bibi yake. Mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa Lea Toto, wa kuwafuata watoto huko huko makwao, na baadaye ukafika Kariobangi, Dandora na Mukuru. (Sisi tungesema "lea mtoto", lakini jina ndilo hilo.) Kwa maoni yangu kazi hii inaipita ile ya nyumba yenyewe, maana yatima alipata dawa na chakula bila kupoteza ukoo wake.

Kisha ikaja shule. Masomo ya msingi yalifanywa bure Januari 2003, na Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imekataza ubaguzi. Hata hivyo watoto wa Nyumbani walipopelekwa shule za serikali waligeuzwa, kwa kisingizio hiki na kile. D'Agostino hakubembeleza. Alikwenda Mahakama Kuu, watoto wakitetewa na wakili Ababu Namwamba, na mwezi Januari 2004 shauri likaisha kwa mapatano: watoto wakakubaliwa kuingia shuleni.

Alifariki Nairobi tarehe 20 Novemba 2006, akiwa na umri wa miaka 80. Siku ya arobaini baada ya kifo chake, 30 Desemba, ilitiwa sahihi Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi, inayokataza kumnyima mtu shule au kazi kwa sababu ya virusi, na kumlazimisha kupimwa ili apewe nafasi hizo. Sheria hiyo haikuanza kutumika ila 30 Machi 2009, na hapo nayo kwa sehemu tu. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza kwa mapatano yale ya mahakamani alikuwa sasa darasa la sita.