Lenana, Laiboni wa Ngong

Wikendi ukipanda matatu ya 111 kule Railways, huwezi kukosa vijana waliovaa raba, wamebeba maji na ndizi. Wanaenda kupanda Vilima vya Ngong. Mandhari yenyewe acha tu! Huku Bonde la Ufa limefunguka chini yako, kule Nairobi imejaa moshi. Picha zinapigwa hadi simu inazima.

Lakini hebu tumkumbuke mwenyeji. Jina lake liko kwenye barabara pale Kilimani, na kwenye shule ya wavulana kando ya Barabara ya Ngong: Lenana, au Olonana kama Wamaasai wanavyomwita.

Babake, Mbatian, alikuwa laiboni mkuu, yaani mtabiri na kiongozi wa dini. Alipofariki karibu mwaka 1890, wanawe Lenana na Senteu waligombania urithi. Masimulizi yanasema mzee alikuwa haoni vizuri, Lenana akawahi kupokea baraka na vifaa vya kazi kabla ya nduguye. Ndio, kama Yakobo na Esau. Senteu akaenda zake kusini, upande wa Wajerumani.

Hicho kilikuwa kipindi kibaya ajabu. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe, ndui na njaa zikafyeka watu. Lenana akaamua kuelewana na Waingereza. Kuna wanaomwita msaliti. Mimi nasita, maana mtu ambaye watu wake wanakufa njaa, na nduguye anamwinda, angefanya nini?

Waingereza nao wakamtambua kama chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho Wamaasai wenyewe hawakukijua. Kilikuwa na kazi yake. Agosti 1904 Lenana na wazee wengine waliweka alama kwenye mkataba: Wamaasai watoke Bonde la Ufa, walowezi waingie. Wengine wahamie Laikipia, wengine wabaki kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba ardhi hiyo ingekuwa yao daima.

Daima hiyo haikufika hata miaka kumi. Lenana alifariki Machi 1911, na serikali ikadai kwamba akikata roho aliwausia watu wa Laikipia wahamie kusini. Yaani wosia ulioangukia pale pale walowezi walipotaka! Wamaasai wengi hawakuuamini. Mwezi uliofuata mkataba mpya ulitiwa alama, mrithi akiwa mwanawe Seggi, kijana mdogo tu. Watu na mifugo wakaswagwa kusini. Ole Gilisho, Ole Njogo na wenzao walienda kortini, lakini mwaka 1913 wakaambiwa huo ni mkataba kati ya mataifa mawili, korti haina uwezo nao.

Mlima Kenya nako, vilele vitatu vilipewa majina ya familia hii tangu 1899, Lenana akiwa hai. Batian na Nelion vinataka kamba na ujuzi. Cha Lenana, mita 4,985, ndicho wageni wengi hufika kwa miguu.