Siti binti Saad: muuza vyungu aliyesikika inchi nyingi



Katika namba hii tunawaletea maisha ya mwanamke mmoja wa Zanzibar, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka wa 1950. Wale kati yenu mliokaa kambini Nyarugusu, kule Kigoma, taarab mmeisikia kwenye radio za Tanzania: nyimbo zenye udi na fidla, za ndoa na za sikukuu. Zamani muziki ule ulikuwa wa nyumba za wakubwa, na uliimbwa kwa Kiarabu. Siti njo aliuleta kwa watu wa kawaida, kwa Kiswahili chao.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, yaani wote wawili asili yao ilikuwa bara. Wakati ule watu walipelekwa Zanzibar kwa nguvu kutoka pande nyingi za bara, hata kutoka Maniema hapa kwetu. Sheria ya kufuta utumwa ilitoka mwaka wa 1897 tu. Mtoto huyu alipozaliwa walimpa jina la Mtumwa. Lile halikuwa tusi la jirani. Ni jina lenyewe aliloitikia kila siku.

Hakuwekwa kwenye masomo. Kazi aliyofunzwa na mama yake ni kufinyanga vyungu. Alivibeba mpaka mjini na kuvitangaza kwa sauti njiani, na wanunuzi walimtambua kwa ile sauti mbele hawajamwona.

Mwaka wa 1911 akahamia Ng'ambo, upande wa muji walipoishi maskini na watu waliotoka utumwani. Huko alikutana na mpiga muziki wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Yule akamfunza kuimba kwa Kiarabu. Siti hakujua kusoma, ila alishika maneno yote kichwani. Kiisha akaungana na wanaume wenye kupiga na kuimba: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku. Nyimbo walizitunga pamoja, kila mmoja akileta neno lake. Watu wakaanza kumwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Jina la Mtumwa likaisha pole pole.

Alipoanza kualikwa kwa matajiri, wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumcheka. Walimkumbusha umaskini wa shamba alikotoka, wakaongeza kwamba hata sura hana. Siti hakuficha Fumba, na hakujitengenezea ukoo wa uongo. Aliwajibu kwa wimbo pia: kwamba mtu anapimwa kwa akili na tabia yake, siyo kwa sura wala kwa asili.

Hapa tusimame kidogo. Tunapotembelea familia hapa Nguba, tunakuta mtoto anaitwa mkimbizi na wenzake wa darasa, ingawa amezaliwa na wazazi wa hapa hapa Bukavu. Tunakuta mama ambaye kila akibishana juu ya meza yake sokoni anaambiwa arudi kambini. Neno kama lile likikaa miaka, linageuka jina. Siti alibeba jina zito kuliko hilo, na akaliacha nyuma akiwa mtu mzima mwenye miaka zaidi ya makumi tatu.

Mwaka wa 1928 yeye na wenzake walipanda meli mpaka Bombay, India, kuimba mbele ya mashini za kampuni ya His Master's Voice. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuwekwa kwenye santuri. Ilipofika 1931, santuri za kundi lake zilizouzwa zilikuwa zimefika 72.000. Watu waliosikia mashini ikisema Kiarabu, Kihindi na Kiingereza, sasa waliisikia ikisema lugha yao.

Tena hakuimba mapenzi peke yake. Jioni watu walijaa nyumbani kwake Ng'ambo, na habari za mahakama zilizungumzwa pale. Wimbo wake mmoja unaojulikana sana unaitwa Kijiti. Unasimulia mwanaume aliyemuua mwanamke mgeni, mjamzito, aliyekuja kutembea kutoka Dar es Salaam. Muuaji alitorokea bara. Bamama waliosimama kutoa ushuhuda njo walipewa azabu. Mahakama ilifunga kesi, ila wimbo uliendelea kulitaja jina la muuaji mitaani, na mpaka leo watu wanalijua.

Tunawaeleza hayo kwa sababu wengi wenu mlirudi mkakuta parseli imeuzwa, na shahidi anaogopa kusema. Siti hakuwa na cheo wala karatasi. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu nzuri, na kundi lililokubali kusema naye pamoja. Mtu mmoja akisema, wanamnyamazisha. Watu kumi na wawili wa likelemba moja wakisema neno moja, chef wa avenue atasikiliza.

Alifariki tarehe 8 mwezi wa saba 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika kitabu juu ya maisha yake, na chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania kiliita gazeti lake Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzee wake na kufariki 2013, alijifunza kwa kumsikiliza yeye.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Kwenye mkutano unaokuja, kila memba ataandikwa kwa jina lake na kazi yake: mshoni, muuza samaki, fundi wa mbao, mwalimu. Safu ya mkimbizi haitakuwepo. Mje wote, na mje na mashahidi wenu.