Augustino na Mnyororo Wake

Mara nyingi katika sharika zetu husemwa ya kuwa fulani ameanguka, kana kwamba jana alisimama imara na leo yu chini. Sisi twaona ya kuwa mtu haanguki hivyo. Kwa hiyo tumependa kuwaletea habari za Augustino, ambaye aliandika mwenyewe, pasipo kuficha, jinsi alivyoshuka kidogo kidogo.

Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa hajaamini bado. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Naye Monika alikuwa na habari yake. Katika usichana wake wazazi walimtuma kuteka divai katika pipa, naye akaionja kwa ncha ya midomo, kwa utundu tu, wala hakuipenda. Kila siku akaongeza kidogo, hata akawa akinywa vikombe karibu kujaa. Siku moja mjakazi aligombana naye, akamwita mlevi. Neno lile likamchoma, akaacha.

Mwanawe hakuacha upesi hivyo. Alipokuwa na umri wa miaka 16 masomo yake yalikatizwa kwa upungufu wa fedha, akakaa nyumbani bila kazi. Usiku mmoja yeye na wenzake wakaiba mapeasi ya jirani, mengi sana, wakayatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa. Baadaye alikiri ya kuwa kama angalikuwa peke yake, hangaliiba kamwe. Wenye vijana nyumbani na walisome neno hili mara mbili!

Kisha akaenda Karthago, akakaa na mwanamke pasipo ndoa, akazaa naye mwana, Adeodatus. Miaka 9 akafuata mafundisho ya Mani. Hata alipofika Milano, mwaka 384, akamsikia Askofu Ambrosio akihubiri, moyo wake ukataka kugeuka, lakini haukuweza. Ndipo alipotambua mnyororo wake: nia iliyopotoka ilizaa tamaa, tamaa iliyotumikiwa ikazaa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakawa lazima. Pete moja iliingia katika pete nyingine, na mhunzi alikuwa yeye mwenyewe. Hata katika sala alimwomba Mungu usafi wa mwili, huku akitaka usije upesi. Akaposewa binti aliyekuwa bado mdogo, na yule mama wa mtoto akarudishwa Afrika. Lakini Augustino hakuweza kungoja miaka 2 tu, akajitwalia mwanamke mwingine. Watu humcheka hapa. Sisi hatuthubutu.

Mwaka 386, akilia bustanini, alisikia sauti kama ya mtoto ikimwagiza asome. Akafungua Waraka kwa Warumi, mlango wa 13, na mnyororo ukakatika. Ambrosio akambatiza pamoja na Adeodatus, Pasaka ya mwaka 387. Monika, aliyemlilia miaka mingi, aliiona siku ile, akafa mwaka huo huo.

Augustino akarudi Afrika, akawa askofu wa Hippo zaidi ya miaka 30. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzunguka mji. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani karibu na kitanda, akazisoma kila siku kwa machozi.