Mel Fisher: Kutoka banda la kuku hadi dhahabu ya Wahispania chini ya bahari

Kabla ya jina lake kuwa kubwa kwa wakusanyaji wa sarafu za kale, Mel Fisher alikuwa mfugaji kuku tu huko California, Marekani.

Alizaliwa Agosti 21, 1922 katika jimbo la Indiana. Jamaa alipenda kuzamia kuliko kufuga, hivyo akaachana na kuku na kufungua duka la vifaa vya kuzamia.

Mwaka 1963 alihamia Florida na familia yake. Shabaha ilikuwa meli za Hispania zilizozamishwa na kimbunga Julai 1715 zikitoka Havana. Zilibeba mali za makoloni ya Amerika, zikiwemo escudo, sarafu za dhahabu zilizotengenezwa Mexico na Lima.

Mshahara haukuwepo. Ukipata kitu mnagawana, ukikosa umekosa.

Miezi ikapita patupu. Maji yalikuwa machafu, hivyo kikosi chake kikafunga mabomba nyuma ya propela za boti ili kusukuma maji safi chini. Kumbe mabomba yale yanachimba na mchanga pia! Mwaka 1964 wakakuta dhahabu imetapakaa chini ya bahari: sarafu zaidi ya 1,000.

Wengine wangetulia hapo. Fisher hakutulia. Mwaka 1969 akaanza kuisaka Nuestra Señora de Atocha, meli iliyozama 1622 karibu na visiwa vya Florida Keys.

Hela zikakata. Serikali ya Florida nayo ikadai hazina ni yake.

Julai 1975, mwanawe Dirk aliona mizinga ya shaba ya Atocha. Furaha haikudumu. Siku chache baadaye, Julai 20, boti yao ilipinduka usiku. Dirk, mkewe na mzamiaji mwingine wakafariki.

Fisher alizika, akarudi baharini. Mwaka 1982 aliibwaga Florida katika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kisha ikafika Julai 20, 1985, miaka 10 kamili tangu msiba ule. Mwanawe mwingine, Kane, alituma taarifa kwa redio ya boti kuwa ramani sasa ziwekwe kando. Atocha imepatikana, na dhahabu, fedha na zumaridi zake. Thamani yake ilikadiriwa kufika dola milioni 400.

Fisher alifariki Desemba 19, 1998, akiwa na miaka 76. Sehemu ya hazina hiyo ipo kwenye jumba la makumbusho lenye jina lake, Key West.

Dhahabu aliipata. Dirk hakuwepo kuiona.