Mzee Napier, jamaa aliyetuletea logi

Wadau, wengi tuliopita sekondari tunaikumbuka logi kama adhabu. Leo nataka kumtetea mwenyewe aliyeileta, maana naona tunamlaumu bure.

Jamaa anaitwa John Napier, alizaliwa 1550 Merchiston, karibu na Edinburgh kule Uskoti. Hakuwa profesa. Alikuwa tajiri mwenye ardhi, mtu wa dini kwelikweli. Mwaka 1593 alitoa kitabu kuhusu Ufunuo wa Yohana, akapiga hesabu kwamba dunia itaisha kati ya 1688 na 1700. Hiyo ilimkatalia, si mnaona bado tupo!

Ila ya pili ilijibu. Enzi hizo wanajimu na mabaharia walikuwa wanazidisha namba ndefu kwa mkono, siku nzima, na ukikosea tarakimu moja umeharibu yote. Napier akajiuliza: kwa nini nizidishe wakati kujumlisha ni rahisi? Akakaa na hesabu hizo kama miaka 20, peke yake, bila mashine. Kitabu kikatoka 1614.

Siri yenyewe ni hii. Logi ya 100 ni 2, kwa sababu 10 mbili ukizizidisha pamoja unapata 100. Logi ya 1000 ni 3. Ukitaka 100 mara 1000, jumlisha tu 2 na 3, unapata 5, yaani 1 na sifuri tano. Namba zingine ni vilevile: logi ya 2 ni 0.3010, ya 4 ni 0.6021. Jumlisha: 0.9031. Angalia kwenye jedwali, ni logi ya 8. Basi!

Lakini logi zake za kwanza hazikuwa za kumi hivi. Henry Briggs, profesa wa London, alimfuata Uskoti 1615, wakakubaliana kuzirekebisha. Mzee alikuwa mgonjwa, kazi akamwachia Briggs. Napier akafariki 4 Aprili 1617. Briggs hakumwangusha: 1624 alitoa logi za namba 30,000, kila moja tarakimu 14 baada ya nukta. Kwa mkono, jamani!

Watu walizitumia zaidi ya miaka 300, mpaka vikokotoo vya mfukoni vilipoenea miaka ya 1970.

Kwa hiyo logi haikuletwa kututesa, ililetwa kupunguza mateso. Kama mwalimu wako hakukwambia hivyo, tuambie hapo chini alikufundishaje. Nawasilisha.